Soma Tairi Kabla ya Kusoma Bei

Shikamooni wazee. Kamwene kwa waliotoka Iringa na Njombe, mwagonile kwa ndugu zetu wa Rungwe, na habari za asubuhi kwa wengine wote. Mafundi naona mmejipanga nyuma kama kawaida yenu. Kaeni huko huko kwanza, zamu yenu ya kusogea mbele itafika.

Tumekutana kwa ajili ya wanaotaka kununua pikipiki kubwa ya safari iliyotumika, zile za injini ya sisi 600 kwenda juu, zinazotoka Tunduma hadi Dar bila kuhema. Mnunuzi wa pikipiki ya namna hii huwa anafanya nini akifika kwa muuzaji? Anawasha injini, anasikiliza mlio, anatazama rangi ya tangi, anauliza imetembea kilomita ngapi. Tairi analipiga teke mara moja kwa kiatu, akiona limejaa upepo anahamia mambo mengine. Teke hilo halimwambii kitu. Tairi limeandikwa tarehe lilipozaliwa, lina alama ya namna lilivyoendeshwa, na likisomwa vizuri linataja ugonjwa wa shokapu na beringi ambao muuzaji mwenyewe pengine haujui. Na tairi halijui kubembeleza mteja.

Mnachohitaji kinaenea mfuko wa koti: geji ya upepo, tochi ndogo, kitambaa, chupa ya maji ya sabuni, rula yenye milimita, kalamu na daftari. Mwenye geji ya kupimia kina cha meno aje nayo. Asiyekuwa nayo, njiti ya kiberiti inatosha: chomeka njiti ndani ya mfereji wa tairi mpaka iguse chini, weka alama kwa ukucha pale inapolingana na uso wa tairi, kisha ipime kwenye rula. Ni kipimo cha kifukara lakini hakikosei zaidi ya nusu milimita.

Kabla ya kupima chochote, osha. Pikipiki iliyoandaliwa kwa mauzo mara nyingi imepakwa dawa ya kung'arisha matairi, na ule weusi unaojaa kwenye nyufa ndogo unazificha kabisa. Sugua mbavu za tairi kwa maji ya sabuni na kitambaa mpaka mpira ubaki na rangi yake. Muuzaji akinuna, mwache anune. Na ukikuta dawa ile imepakwa mpaka sehemu inayokanyaga lami, usikubali kuijaribu pikipiki kabla haijaoshwa, maana kona ya kwanza tu itakulaza.

Tuanze na umri, kwa sababu ndio unaosahaulika kuliko yote.

Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT. Fuata maandishi yake mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne, mara nyingi ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 3423 limetengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2023, yaani Agosti. Lililoandikwa 0716 ni la Februari 2016. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni shambani kuzungushia miche. Tarehe mara nyingi huandikwa ubavu mmoja. Ukiikosa kushoto, zunguka kulia, piga magoti, mulika tochi. Wengi huishia kuangalia upande ule pikipiki ilipoegeshwa vizuri kwa picha.

Kwa nini umri una uzito hivyo? Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa. Hewa ya oksijeni, ozoni, joto na jua huukausha na kuufanya mgumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa hata kama meno yake ni marefu kama ya jana. Huku kwetu Mbeya watu hudhani kwa kuwa kuna baridi tairi linatunzika. Baridi inasaidia, ni kweli, lakini jua la mwinuko wa mita 1,700 lina mionzi mikali ya urujuanimno kuliko la pwani, kwa sababu hewa iliyo juu yetu ni nyembamba zaidi. Pikipiki iliyoegeshwa uani miaka minne bila turubai imezeeka matairi bila kutembea hata kilomita moja.

Kiwanda cha Michelin hushauri tairi likitimiza miaka mitano kazini likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu kutengenezwa liondolewe hata kama linaonekana zima. Huo ni ushauri kwa mwenye tairi lake anayejua lilivyoishi. Wewe unayenunua hujui lilikolala wala lilichobeba. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnunuzi ni mkali zaidi: tairi likipita miaka sita, hesabu kwamba halipo. Lipe thamani ya sifuri kwenye mazungumzo ya bei, halafu kama likikuvusha mwezi mmoja, shukuru.

Kuna kipimo kidogo cha mkono. Kandamiza ukucha wa kidole gumba kwenye jino la katikati, na kwenye jino la begani. Mpira wenye uhai hupokea alama na kuirudisha taratibu. Mpira uliokufa unahisi kama unakandamiza plastiki ya ndoo. Fanya hivyo tairi likiwa limepoa, maana likitoka barabarani hata zee hulainika kidogo.

Sasa linganisha tarehe za matairi mawili. Tairi la nyuma huisha mapema kuliko la mbele, kwa hiyo kukuta la nyuma ni jipya na la mbele ni la zamani ni jambo la kawaida kabisa. Kinyume chake ndicho cha kushtua. La mbele likiwa changa kuliko la nyuma, uliza kulikoni. Pengine lilipasuliwa na jiwe. Pengine pikipiki iligonga kitu kwa mbele. Hapo chuchumaa, tazama fomu za mbele, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, kama zimenyooka, tazama rimu kama ina kovu, tazama kama rangi ya madigadi inafanana na ya tangi.

Tarehe hizo hizo zinakusaidia kuipima mita ya kilomita. Tuseme pikipiki ni ya mwaka 2015 na mita inasoma kilomita 9,000. Ukikuta matairi yote mawili ni ya 2015, ya aina moja, habari inaungana: haikutembea sana, ila sasa matairi ni wazee. Ukikuta la nyuma ni la 2019 na limeshaisha nusu, jiulize tairi la kwanza lilikwenda wapi. Tairi la nyuma la pikipiki ya safari kwa kawaida hufika kilomita 8,000 hadi 15,000 kwenye lami, kutegemea mzigo na mkono wa mwendeshaji. Kuua moja na nusu ndani ya kilomita 9,000 kunawezekana, lakini muuzaji lazima awe na maelezo.

Maandishi mengine ya ubavuni nitayapitia haraka. Saizi lazima ilingane na kibandiko cha kiwanda kilichobandikwa kwenye mkono wa nyuma unaoshika gurudumu au chini ya kiti. Chukua Suzuki V-Strom 650 kama mfano: mbele 110/80R19, nyuma 150/70R17. Ile R ina maana tairi ni la radiali, yaani nyuzi zake za ndani zinakatiza moja kwa moja toka ubavu hadi ubavu, na radiali haichanganywi na tairi la kamba za mshazari isipokuwa kiwanda cha pikipiki kimeruhusu. Baada ya saizi kuna namba ya uzito na herufi ya kasi. Namba 69 ni kilo 325, namba 59 ni kilo 243. Herufi H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240. Kasi hiyo hutaifikia Uyole, lakini uzito utaufikia: pikipiki yenyewe, wewe, mama watoto, masanduku matatu na gunia la viazi vya Kitulo vinaweza kuulemea mgongo wa tairi la namba ndogo. Mwisho tazama mshale wa mwelekeo. Ukielekea nyuma, aliyelifunga tairi hakuwa fundi, na kama alikosea mshale sijui alikosea nini kingine.

Tufike kwenye umbo, ambako mambo ni mengi.

Simama mita mbili nyuma ya pikipiki, imesimamishwa wima, chuchumaa mpaka jicho liwe usawa wa ekseli. Tairi jipya la nyuma lina mviringo kama mgongo wa kobe. Lililokimbizwa sana barabara iliyonyooka linakuwa bapa katikati, na mahali ubapa unapokutana na bega panakuwa na kingo unayoweza kuishika kwa kidole. Barabara ya TANZAM inatengeneza matairi ya namna hii kwa wingi: kutoka Igawa kwenda Makambako pikipiki inakaa wima muda mrefu, sehemu ile ile ya mpira inaliwa bila kupumzika.

Ubapa huo una madhara mawili. Kwenye kona, pikipiki inakataa kulala mpaka tairi lipande ile kingo, halafu inalala ghafla. Mwendeshaji mpya anadhani pikipiki ni nzito, kumbe ni tairi. La pili mnalijua ninyi mnaopita kwenye vilima vyetu ambako malori yamekandamiza lami mpaka ikaacha mifereji miwili: tairi bapa linafuata ukuta wa mfereji ule, pikipiki inavutwa kama treni kwenye reli. Tairi lenye mviringo linauvuka bila kelele. Kwa hiyo la nyuma lililobapa sana lihesabu kuwa limeisha hata kama kina cha meno kinasema bado.

Sasa la mbele. Hapa naomba mafundi msogee, na wanunuzi mfungue daftari, kwa sababu karibu kila mnunuzi hutazama la nyuma na kulipuuza la mbele. Mimi ningefanya kinyume. La nyuma likiteleza, mara nyingi unapata nafasi ya kurekebisha. La mbele likiteleza umeshalala.

Inua gurudumu la mbele. Kama pikipiki ina stendi ya katikati, mtu mmoja akalie nyuma. Pitisha kiganja juu ya meno, polepole, kuelekea mbele, kisha rudi kuelekea nyuma. Ukihisi upande mmoja unateleza na mwingine unakwaruza, kama umepapasa msumeno, meno yameliwa upande mmoja wa kila jino. Hiyo kidogo ni kawaida ya breki ya mbele. Lakini ukihisi mawimbi, yaani bonde na kilima, bonde na kilima kuzunguka tairi zima, hapo kuna ugonjwa. Barabarani utausikia kama mngurumo unaoongezeka ukilala kwenye kona, na usukani hutetemeka unapopunguza mwendo kufika kilomita 60 au 50.

Mawimbi yanaletwa na mambo manne, na ni vizuri kuyatenganisha kwa sababu gharama zake hazifanani. La kwanza ni upepo mdogo, ugonjwa wa bei rahisi kuliko yote, ila tairi lililokwisha kuharibika halirudi. La pili ni gurudumu lisilo na balansi. Tazama kama vipande vya risasi vipo kwenye rimu au kama kuna alama ya gundi mahali vilipobanduka. La tatu ni shokapu za mbele zilizochoka. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa nguvu, achia: pikipiki ipande mara moja itulie. Ikicheza mara mbili tatu, mafuta yamechoka au hayatoshi. Pitisha kidole kwenye bomba linaloteleza: ukipata pete ya mafuta, sili imepasuka. La nne ni beringi za shingo ya usukani. Gurudumu likiwa juu, shika ncha za chini za fomu, vuta na sukuma. Shingo ya usukani isigonge. Kisha geuza usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikuta unanasa katikati kama umeingia kwenye kijishimo, beringi zimechimbika na zitabadilishwa, kukaza hakutaziponya.

Anayeshuka Kitonga akishikilia breki ya mbele kuanzia juu mpaka chini huku mzigo wote umemlalia mbele, analiponza tairi hilo hilo. Mteremko ule unashukwa kwa gia.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulidhania ugonjwa na si ugonjwa. Tairi la mbele nchini kwetu huelekea kuisha upande wa kulia zaidi ya kushoto. Tunaendesha kushoto, na barabara ina mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni. Pikipiki ikisimama wima juu ya mteremko ule mdogo, inakanyaga kidogo kulia kwa kati ya tairi. Tena kona za kulia tunazipita kwa nje, kwa hiyo ni ndefu zaidi. Tofauti ya nusu milimita isikukoseshe usingizi. Ikizidi milimita moja, au ikiwa kwenye tairi la nyuma, anza kuchunguza: kwa pikipiki ya cheni tazama alama za kurekebishia cheni kwenye mkono wa nyuma, kushoto na kulia, kama ziko kwenye mstari mmoja. Fundi aliyekaza upande mmoja zaidi ameliacha gurudumu linatembea kombo. Za shafti kama Gold Wing au BMW R 1200 GS hazina marekebisho hayo, kwa hiyo gurudumu likienda kombo kwenye hizo, fikiria beringi, rimu, au ajali.

Huku gurudumu likiwa juu, lizungushe na uweke kalamu karibu na ukingo wa rimu bila kugusa. Honda huruhusu rimu iyumbe isizidi milimita 2, pembeni na juu-chini. Rimu za spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo: inayolia kwa mlio mzito wa kufa imelegea.

Sasa kina. Pima sehemu tatu kwa upana, katikati na mabega mawili, na urudie mahali patatu kuzunguka tairi. Vipimo tisa kwa kila tairi. Usipime juu ya kituta cha kuonyesha uchakavu. Vituta hivyo ni vinundu vya mpira vilivyo chini ya mfereji, na ubavuni vimeonyeshwa kwa herufi TWI au kipembetatu. Kwenye matairi mengi ya pikipiki kituta kina urefu wa milimita 0.8, kwa hiyo ukisubiri meno yalingane nacho, umechelewa. Uingereza sheria inataka angalau milimita 1 kwa pikipiki zinazozidi sisi 50, Ujerumani 1.6. Vitabu vya Honda vinasema badilisha la mbele likifika 1.5 na la nyuma likifika 2.0. Mimi kwa mtu anayepanda Tukuyu wakati wa masika, ambako mvua inashuka kama imefunguliwa bomba, namwambia milimita 2 mbele na nyuma, basi.

Hapa ndipo watu wanapodanganywa kwa hesabu. Muuzaji atasema, "Tairi lina milimita 4, lilianza na 7, bado zaidi ya nusu." Si kweli. Milimita 2 za mwisho hazitumiki, kwa hiyo kati ya 7 ulikuwa na 5 za kutumia. Zimekwisha 3, zimebaki 2. Hiyo ni sehemu mbili kati ya tano, chini ya nusu. Na ukijua limetembea kilomita ngapi, endelea na hesabu: kama milimita 3 zilikula kilomita 6,000, kila milimita ni kilomita 2,000, na 2 zilizobaki ni kilomita 4,000. Hizo ni safari mbili za Mbeya hadi Dar na kurudi, na chenji kidogo. Kina cha kuanzia kwa tairi la lami huwa milimita 6 hadi 8 nyuma na 4 hadi 5 mbele. Matairi ya meno makubwa ya kuchanganya lami na vumbi huanza na 10 au zaidi, lakini usishangilie, kwa sababu yanaliwa haraka zaidi yakikimbizwa kwenye lami.

Hesabu hiyo ni ya lami na mwendo ule ule wa zamani. Wewe ukinunua na kuanza kwenda nayo kwenye kokoto kila wiki, punguza. Kokoto hukata vipande vya meno ya katikati na kuacha makovu kama nyama iliyong'atwa. Makovu ya juu juu yavumilie. Kovu linaloonyesha nyuzi halivumiliki hata kwa safari ya kurudi nyumbani.

Majeraha mengine. Nyufa laini kwenye ubavu, nyembamba kama unywele, ni uzee na unazitaja kwenye bei. Nyufa zilizo chini ya mifereji, zinazofunguka ukikandamiza kwa vidole viwili, zinamaliza mjadala. Uvimbe ubavuni, hata wa ukubwa wa punje ya maharage, maana yake nyuzi za ndani zimekatika kwa kugonga shimo. Hapo hakuna tiba.

Pancha iliyozibwa katikati ya tairi, tundu lisilozidi milimita 6, kiraka chenye umbo la uyoga kilichowekwa kutoka ndani, inakubalika. Utambi uliochomekwa kutoka nje ni wa kukufikisha kwa fundi, halafu tairi livuliwe lizibwe vizuri. Nyunyiza maji ya sabuni juu ya kila mahali panapotia shaka, kwenye valvu, na kuzunguka mdomo wa tairi unaoshika rimu, usubiri dakika mbili. Mapovu hayana undugu na mtu. Pancha ya begani au ubavuni haizibwi, hata fundi akiapa.

Halafu kuna desturi yetu ya kuweka tyubu ndani ya tairi la tyubules, yaani lisilohitaji tyubu. Mtu rimu yake imepinda, mdomo wa tairi unavuja, fundi anamtilia tyubu, mambo yanatulia. Ukikuta valvu ya chuma yenye nati kwenye rimu ambayo si ya spoki, uliza, ingawa valvu za chuma nyingine ni halali. Tatizo la tyubu ile ni mara mbili: inasuguana na tairi na kuongeza joto, na msumari ukiingia upepo unatoka wote kwa mara moja, wakati tyubules hukaa na msumari wake na kupungua pole pole mpaka ugundue. Kwenye pikipiki ya kilo 250 iliyo kwenye mwendo wa kilomita 90, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Na mifereji iliyochongwa upya. Malori yana matairi yaliyotengenezwa ili yaweze kuchongwa upya, pikipiki haina. Utaitambua kwa kingo kali mno zisizo na mviringo, mistari isiyofanana kushoto na kulia, na vile vituta vya TWI vilivyokatwa au kutoweka. Ukiiona, acha pikipiki nzima. Mtu aliyechonga tairi la mbele hatakuambia ukweli kuhusu injini.

Upepo sasa, kwa kifupi. Pima pikipiki ikiwa imelala angalau saa tatu bila kuendeshwa. Mwambie muuzaji mapema asije nayo mbio mpaka mlipokubaliana, maana tairi la moto huongeza namba na kuficha lililokuwa chini. Wanaouliza kama geji inadanganya mlimani: geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Ukijaza PSI 36 Dar na kupanda Mbeya, hewa ya nje imepungua, geji ingesoma karibu PSI 2.7 zaidi. Lakini ukiondoka kwenye joto la nyuzi 30 na kupima asubuhi ya Julai kwenye nyuzi 10, ubaridi unapunguza zaidi kidogo ya 3. Mwisho unakuta karibu 35. Kwa hiyo jaza kwa namba ya kitabu hapa hapa, asubuhi, tairi likiwa baridi, na ukishuka Dar pima tena asubuhi yake.

Kwenye bei, sema mapema: matairi ya Boxer utayapata dukani, lakini jozi ya inchi 19 na 17 za radiali mara nyingi huagizwa, na unaponunua "jipya" soma tarehe yake pia, lisiwe limelala ghalani miaka mitano. Uliza bei ya jozi nzima pamoja na usafiri, kufunga na balansi kabla hujaenda kwa muuzaji. Namba hiyo iandike juu ya ukurasa wa vipimo vyako. Kama matairi yamepita miaka sita, au la nyuma limebapa, au la mbele lina mawimbi, namba hiyo inatoka kwenye bei, pamoja na beringi au sili ulizozikuta. Usibadilishe tairi la mawimbi bila kutibu kilicholeta mawimbi, jipya litafuata njia ile ile ndani ya kilomita elfu chache. Na jipya likifungwa, kilomita 150 za kwanza liendeshe kwa upole ukiongeza kulala kidogo kidogo, kwa sababu uso wake bado unateleza.

Nje kuna pikipiki tatu na geji mbili mezani. Mafundi, sasa sogeeni mbele. Kila mmoja achukue wanunuzi wanne, mwanze na tairi la mbele, na asitamke mtu bei kabla vipimo tisa havijaandikwa.